Manometa Ikisema Sita: Kabla ya Kukubali Kwamba Injini ya Pikipiki Imekufa

BUTEMBO – Kuna maneno matatu ambayo motari wa Butembo hapendi kuyasikia garajini: "Haina tena kompresio." Fundi akishayasema, mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo. Kinachobaki ni hesabu tu: pistoni mpya, segmenti mpya, silinda kupelekwa kuchongwa upya, na pikipiki kulala garajini siku kadhaa bila kuleta hata franka moja nyumbani.

Kwa mtu mwenye shamba au duka, siku hizo ni hasara. Kwa familia iliyokimbia vita, siku hizo ni njaa. Tangu mauaji ya raia yalipoanza kuzunguka mji wa Beni mnamo Oktoba 2014, watu wa Mbau, Oicha, Eringeti na vijiji vya kando wamehama, wakarudi, wakahama tena. Mwezi wa Juni 2024, Kanyabayonga ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, familia nyingine nyingi zilifuata barabara ya Lubero kuja Butembo. Aliyekimbia hakubeba shamba wala nyumba. Lakini aliyekuwa na pikipiki alijitahidi kutoka nayo, ikiwa imepakia mama, watoto na godoro. Leo pikipiki hiyo ndiyo shamba lake. Asubuhi anailima, jioni watoto wanakula.

Ndiyo sababu inafaa kila mwenye pikipiki, na kila mama anayetaka kumnunulia mwanawe pikipiki ya mtumba, ajue jambo hili: namba inayoonekana kwenye manometa ni ushahidi mmoja tu. Kabla ya kuhukumu, ushahidi unaulizwa maswali.

Kompresio ni kitu gani

Chukua pompa ya baiskeli, ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma. Hewa inabanwa na kidole kinasukumwa kwa nguvu. Pompa ikiwa na ngozi iliyochakaa, unasukuma mpaka mwisho na kidole hakisikii kitu. Injini inafanya kazi hiyohiyo. Pistoni inapanda, supapi zote mbili zimefungwa, hewa iliyochanganyika na esansi inabanwa katika nafasi ndogo juu ya pistoni. Buji ikitoa cheche, kilichobanwa vizuri kinalipuka kwa nguvu na kuisukuma pistoni chini. Kilichobanwa vibaya kinawaka kwa uvivu, au hakiwaki kabisa.

Hewa hiyo ina milango mitatu ya kutorokea. Mlango wa kwanza ni segmenti, zile pete za chuma zinazozunguka pistoni; zikichakaa, au silinda ikilika, hewa inashuka chini kwenye mafuta ya injini. Mlango wa pili ni supapi. Zikikosa kufunga sawasawa, hewa inatokea kwenye bomba la moshi au inarudi kwenye kabureta. Mlango wa tatu ni jointi, ile iliyowekwa kati ya silinda na kichwa cha injini. Ikiungua au kukatika, hewa inapita pembeni.

Manometa ya kompresio inafungwa mahali pa buji. Fundi anapiga kiki, mshale unapanda, na kivalvu kidogo ndani ya manometa kinashikilia kipimo cha juu kabisa ili mtu apate kukisoma. Vipimo vingine vimeandikwa kwa bar, vingine kwa kilo, vingine kwa psi. Bar na kilo zinakaribiana sana. Psi ni nyingine kabisa: bar 10 ni karibu psi 145. Kabla ya kubishana juu ya namba, angalia kwanza fundi anasoma mstari upi.

Kwa injini nyingi ndogo za esansi zenye afya, zikipimwa kule pwani, usawa wa bahari, mshale unafika bar 10 mpaka 13 kulingana na jinsi zilivyotengenezwa. Injini ya mazutu ni habari nyingine. Yenyewe haina buji. Inategemea joto la hewa iliyobanwa sana, na mara nyingi inasoma bar 25 na zaidi. Manometa ya esansi isifungwe kamwe kwenye injini ya mashine ya kusaga mihogo. Itapasuka, na inaweza kumuumiza anayeishika.

Motari na namba sita

Motari mmoja, baba wa watoto wanne, aliyekimbia na familia yake kutoka upande wa Oicha, alipita katika jambo hili. Pikipiki yake, ya silinda moja, ilikuwa ngumu kuwaka asubuhi. Kwenye vilima vya Butembo ilikuwa inachoka, abiria mmoja tu akiwa nyuma. Garaji ya kwanza ilifunga manometa, ikapiga kiki, mshale ukasimama kwenye bar 6.

"Haina tena kompresio, kaka," aliambiwa. "Leta fedha ya vipande."

Fedha iliyotajwa ilikuwa sawa na kodi ya nyumba ya miezi mitatu. Mke wake alikuwa tayari ametoa vitenge viwili vya kuuza. Mnunuzi wa pikipiki mbovu alikuwa ameshapita na kutaja bei yake, bei ya chuma. Ilibaki siku moja tu pikipiki iende.

Jirani mmoja akamwambia aende kwanza kwa mzee fulani anayetengeneza injini chini ya turubai, mtaa mwingine. Mzee huyo hakugusa ufunguo. Aliuliza.

"Walipima injini ikiwa ya moto au ya baridi?"

"Ya baridi, Muzee. Ilikuwa asubuhi."

"Mkono wa gesi ulikuwa wazi?"

"Hakuna aliyeushika."

"Kiki walipiga mara ngapi?"

"Mara mbili. Labda tatu."

"Na nafasi ya supapi, waliitazama?"

Motari hakuwa na jibu.

"Basi, kijana wangu," mzee alisema, "hiyo sita bado hatujui ni sita ya nini."

Maswali manne na sababu zake

Swali la joto lina maana kwa sababu chuma kikipata moto kinapanuka, na mafuta ya injini yanatandaa vizuri ukutani mwa silinda. Pete zinakaa mahali pake. Injini ya baridi, hasa asubuhi ya Butembo, mara nyingi inasoma chini kuliko ile iliyotembea dakika kumi.

Swali la mkono wa gesi ni kubwa zaidi, na ndilo linalosahauliwa sana. Gesi ikiwa imefungwa, kabureta nayo imefunga njia ya hewa. Pistoni inashuka kuvuta hewa na haipati ya kutosha. Kilichoingia kidogo kikibanwa, kitatoa namba ndogo, hata kama injini ni mpya. Kwa hiyo unapopima, mkono wa gesi unafunguliwa mpaka mwisho, choki inafunguliwa pia, na filta ya hewa isiwe imejaa vumbi. Anayejua vumbi la barabara ya Beni wakati wa jua kali hahitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili.

Swali la kiki ni swali la mwendo. Injini ikizungushwa polepole, hewa inapata muda wa kutoroka kwenye pete kabla kipimo hakijasimama. Mguu wa fundi aliyechoka na mguu wa kijana mwenye nguvu havileti namba moja. Inapigwa kiki mara sita au saba, kwa nguvu ileile, mpaka mshale usipande tena. Pikipiki ikiwa na demare ya umeme, batri iwe imejaa. Tena mshale uangaliwe kila kiki. Ukianza chini na kupanda pole pole kila kiki, mara nyingi segmenti ndizo zinazovuja. Ukianza chini na kubaki chini, macho yaelekee kwenye supapi.

Kisha nafasi ya supapi. Kati ya supapi na kile kinachoisukuma inatakiwa ibaki nafasi ndogo sana, pungufu ya milimeta moja, inayopimwa kwa vipande vyembamba vya chuma. Injini inapotumika, supapi inajikalia kidogo kidogo ndani ya kiti chake na nafasi hiyo inapungua. Ikifika sifuri, supapi haifungi tena mpaka mwisho. Inabaki wazi kidogo kama mlango uliozuiliwa na jiwe. Hewa inatoka, kompresio inashuka, na mtu anaambiwa pistoni imekufa. Kurekebisha nafasi hiyo kunataka ufunguo, bisibisi, kipande cha kupimia na muda wa saa moja. Hakuna kipande cha kununua.

Lakini onyo lipo. Supapi ya moshi iliyoachwa hivyo kwa muda mrefu inaungua ukingo wake, kwa sababu inapoa kwa kugusa kiti chake, na sasa haikigusi. Ikishaungua, kurekebisha nafasi hakutasaidia. Ndiyo sababu jambo hili halingojwi.

Mzee alivyopima

Alimwambia motari azunguke mtaa mara chache ili injini ipate moto. Alizima, akatoa buji, akafunga manometa, akamwambia motari ashike gesi wazi mpaka mwisho. Kiki saba. Mshale ukasimama bar 7 na nusu. Tayari namba sita ilikuwa imeongezeka bila kitu chochote kutengenezwa.

Kisha akamimina kijiko kimoja kidogo cha mafuta ya injini kupitia tundu la buji, akageuza injini taratibu ili mafuta yatandae, akapima tena. Hili ni jaribio la zamani na lina akili. Mafuta yanaziba kwa muda nafasi kati ya pete na silinda. Ikiwa segmenti ndizo mbovu, namba itaruka juu. Ikiwa ubovu uko kwenye supapi au jointi, mafuta hayatafika huko na namba itabaki pale pale. Kiwe kijiko kimoja tu. Mafuta hayabaniki, na mtu akimimina mengi anaweza kupinda fimbo ya pistoni.

Mshale ulirudi karibu na 7 na nusu. Segmenti zikatoka katika orodha ya washitakiwa.

Pikipiki ililala pale, kwa sababu nafasi ya supapi kwa kawaida inapimwa injini ikiwa imepoa kabisa. Asubuhi mzee alifungua kifuniko. Upande wa supapi ya moshi, kile chuma chembamba hakikuingia hata kidogo. Akarekebisha, akafunga, injini ikawashwa ipate moto, kikapimwa kipimo cha mwisho: 9 na nusu. Vitenge vya mama vilirudi kabatini.

Motari hakuridhika. Alikuwa amesikia kwamba pikipiki nzuri inasoma 12. "Muzee, mbona bado imepungukiwa?"

Jibu la swali hilo halimo ndani ya injini.

Mlima nao unachukua sehemu yake

Butembo iko kwenye kimo cha karibu meta 1,750 juu ya bahari. Beni iko chini zaidi, karibu meta 1,200. Kadiri mtu anavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Butembo hewa ina takriban asilimia 81 tu ya uzito wa kule pwani. Beni ni karibu asilimia 87. Injini inabana hewa inayoipata. Ikipata pungufu, itabana pungufu.

Hesabu yake ni hii. Injini ambayo ingesoma bar 12 kule Mombasa itasoma karibu 10 na nusu Beni, na pungufu kidogo ya 10 Butembo. Haijachakaa hata kidogo. Imepanda mlima tu. Vitabu vya viwanda kwa kawaida vinatoa namba za usawa wa bahari, na fundi anayezisoma akiwa Butembo bila kupunguza karibu sehemu moja ya tano ataona ugonjwa kwa kila injini inayoingia garajini. Kwa hiyo 9 na nusu ya yule motari ilikuwa namba ya injini iliyotumika, lakini yenye afya.

Hapo ndipo familia zilizohama zinaweza kupotea. Pikipiki iliyopimwa Beni mwezi uliopita ikasoma 10, ikipimwa leo Butembo inaweza kusoma 9 na kitu. Mtu akisema "imeshuka haraka, inakufa", aulizwe kwanza ilipimwa wapi.

Namba iliyojificha nyuma ya nyingine

Mfano mmoja kutoka mbali unaonyesha kwamba namba inaweza kudanganya hata mahali penye vyombo bora. Mjerumani Felix Wankel alibuni injini isiyo na pistoni ya kupanda na kushuka. Ndani yake mnazunguka kipande cha pembe tatu. Ya kwanza iliwaka mwaka 1957 katika kiwanda cha NSU, Ujerumani. Kampuni ya Mazda ya Japani iliichukua ikaiendeleza, kuanzia gari la Cosmo Sport mwaka 1967 mpaka RX-8, iliyoacha kutengenezwa mwaka 2012.

Kile kipande cha pembe tatu kina nyuso tatu, na kila uso unabana hewa yake kwa zamu, mbele ya buji ileile. Sasa mtu akifunga manometa ya kawaida, kile kivalvu kinashikilia namba kubwa kuliko zote. Uso mmoja ukiwa umekufa, mshale utaonyesha nguvu ya nduguze wawili, na mnunuzi ataondoka akifurahi. Ndiyo maana injini hiyo inapimwa kwa chombo maalumu kinachotoa namba tatu, moja kwa kila uso.

Halafu Mazda haikubali namba hizo bila kujua injini ilikuwa inazunguka kwa kasi gani wakati wa kupimwa. Kipimo kinarudishwa kwenye kasi ya mizunguko 250 kwa dakika, ndipo kinalinganishwa na kitabu. Kwa RX-8 chini ya kilopaskali 680, yaani karibu bar 7, injini inahesabiwa kuwa imechoka. Na hata kama zote zimepita hapo, tofauti kati ya nyuso ikizidi kilopaskali 150, bado kuna tatizo. Swali linakuwa mara mbili: namba imefika? Na je, inalingana na nyingine?

Motari wa Butembo hana haja ya gari hilo ili apate faida ya somo lake. Kwa gari lenye silinda nne, mafundi wengi wanatumia kanuni ileile: silinda dhaifu isiwe chini ya asilimia 75 ya ile yenye nguvu. Silinda nne zote zikisoma 9, gari linaweza kutembea miaka. Tatu zikisoma 11 na moja 6, kuna kitu kimeharibika mahali pamoja. Na silinda mbili zilizo jirani zikishuka pamoja, jointi kati yao ndiyo ya kushukiwa kwanza. Pikipiki yenye silinda moja haina ndugu wa kulinganishwa naye. Inalinganishwa na nafsi yake: namba ya leo na namba ya miezi sita iliyopita, mahali pale pale, kwa njia ileile.

Siku namba nzuri ni ya uongo

Mtu asifikiri kwamba kila namba mbaya ni kosa la fundi na kila namba nzuri ni habari njema. Mama mmoja muuza makayabu, naye aliyehama, alikusanya fedha yake ya likelemba anunue pikipiki ya mtumba ili mwanawe aanze kazi. Muuzaji alileta manometa mwenyewe, akapima mbele yake: bar 10 na nusu. Kwa Butembo, hiyo ni namba ya injini mpya. Mama akatoa fedha.

Baada ya siku chache moshi wa buluu ulianza kutoka nyuma, na mafuta ya injini yalikuwa yanaisha kabla ya juma kumalizika. Ikapimwa tena: 6 na kitu. Ikamiminwa mafuta kijiko kimoja: ikaruka juu ya 9. Segmenti zilikuwa zimekwisha. Siku ya kuuza, silinda ilikuwa imeshalishwa mafuta. Lile jaribio linalomsaidia fundi mwaminifu kutafuta ugonjwa ndilo lililotumiwa kuuficha.

Kuna njia nyingine ya namba kudanganya kwa juu. Masizi yakijikusanya juu ya pistoni, nafasi ya kubania inapungua na kipimo kinapanda. Injini iliyoungua mafuta kwa muda mrefu inaweza kuonyesha namba nzuri kwa sababu ya uchafu wake. Kwa hiyo namba ya juu kupita kiasi nayo iulizwe imetoka wapi.

Upande wa pili, injini iliyozama esansi, baada ya kupigwa kiki sana bila kuwaka, inasoma chini kwa sababu esansi imeosha mafuta yote ukutani. Na baadhi ya injini zina kifaa kinacholegeza supapi kidogo wakati wa kuwashwa ili kiki iwe nyepesi. Hizo zitasoma chini siku zote.

Kabla ya kutoa fedha

Anayenunua pikipiki ya mtumba, iwe imevuka Kasindi mwaka huu au imezeeka hapa hapa, afanye hivi. Aikute ya baridi, aguse injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, imewashwa kabla hajafika. Aiwashe mwenyewe. Aizungushe angalau dakika kumi, ili mafuta yoyote yaliyomiminwa yaungue, huku mtu mwingine akiangalia moshi. Wa buluu ni mafuta ya injini. Kisha apime, ikiwa ya moto, gesi wazi, kiki saba, mara mbili. Buji itakayotoka iangaliwe pia: ikiwa na mafuta meusi yanayong'aa, imeshasema.

Anayeambiwa garajini kwamba injini imekufa aombe mambo matatu kwa heshima. Ipimwe tena ikiwa ya moto na gesi wazi. Imiminwe kijiko cha mafuta na ipimwe tena. Nafasi ya supapi itazamwe kabla ya kitu chochote kufunguliwa. Garaji yenye kompresa inaweza pia kupuliza hewa kupitia tundu la buji, pistoni ikiwa juu na gia ikishikiliwa, kisha kusikiliza. Sauti ikitoka kwenye bomba la moshi, ni supapi ya moshi. Ikitoka kwenye kabureta, ni supapi ya kuingiza. Ikitoka kwenye tundu la kuwekea mafuta, ni segmenti. Hapo hakuna ubishi, sikio lenyewe linashuhudia.

Na kama baada ya yote hayo namba bado iko chini ya 7 Butembo, inaruka juu kwa kijiko cha mafuta, na moshi ni wa buluu, basi fundi alisema kweli. Ifunguliwe, isisubiri. Injini ya namna hiyo ikizimika barabarani inaweza kukataa kuwaka tena, na barabara kama ya Beni–Kasindi, ambako raia wameshambuliwa mara kwa mara, si mahali pa kusimama jua likizama na abiria nyuma.

Yule mzee wa chini ya turubai hakumwacha motari aondoke mikono mitupu. Alichana karatasi, akaandika tarehe, "Butembo", "ya moto", "gesi wazi", "kiki 7", na 9½. Motari ameibandika ndani ya kifuniko cha kiti. Wenzake wa parkingi walipoiona, walizungumza juu ya kuingiza manometa moja katika likelemba yao, iwe ya wote, na kila pikipiki ipate karatasi yake. Chombo kimoja kwa parkingi nzima, kikiendana na maswali yale manne, kinatosha. Mwaka ujao, mtu akija kuwaambia injini imekufa, watakuwa na namba yao wenyewe ya kumwonyesha.